Ufuo Nilioutoa Kitabuni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya utalii mjini Sur, mkuu wetu, tuliyemwita Mudiri, aliniuliza swali moja tu.

"Unajua kuogelea?"

"Sijui, Mudiri. Mimi mtu wa Ibra, bara kusiko na bahari."

"Afadhali. Utarudi mkavu, na fomu umezijaza."

Nilikuwa nimemaliza chuo karibuni, na kazi niliyopewa ilikuwa kukagua fukwe kwa ajili ya kitabu cha wageni. Nyinyi mnaoanza leo, na ramani ndani ya simu, pengine mtacheka: tulipima kwa kamba na kwa macho. Tuliandika aina ya mchanga, kivuli, njia ya gari, na mkondo wa kurudi, yaani maji yanayomvuta muogaji kutoka ufukoni hadi kilindini. Mudiri mwenyewe alinifundisha kuutambua: mahali ambapo mawimbi hayavunjiki na maji yamechafuka mchanga, hapafai mtoto.

Mstari wa mwisho wa fomu uliuliza ni nani wanaoutumia ufuo. Kwa ufuo wa kijiji kimoja kusini ya Sur, mzuri kuliko wote niliouona, niliandika "hakuna". Nilikuwa nimekwenda mara tatu, kila mara asubuhi, na sikuona mtu. Mudiri alifurahi mno. Akawaelekeza madereva wa wageni waanze kuujaribu, na picha yake akaichagua iwe jalada la kitabu.

Haikupita wiki, nikaitwa kijijini na Bi Zuwena, mama mtu mzima wa ukoo wa mabaharia, aliyekulia Unguja kama mama yangu.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika kwetu hakuna watu?"

"Ndiye mimi."

"Sisi mashetani, hatuonekani?"

Wanawake waliojaa ukumbini walicheka, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Raya, mjane wa mwanawe Bi Zuwena. Wanawake wa kijiji kile, mwenzao anapomaliza eda, humpeleka baharini baada ya alasiri, wakamzungushia kanga, akaoga. Ndipo huvaa nguo za rangi na kurudi kwa watu. Sharia haiwalazimishi, ni ada yao. Raya alipofikishwa ufukoni alikuta magari mawili na wanaume wenye kamera. Akarudishwa bila kugusa maji, na tangu siku ile, ijapokuwa siku zake za eda zilikwisha, hakutoka tena mlangoni.

"Watakuja tena?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

Kitabu kilikuwa kinakwenda kupigwa chapa.

Kesho yake nilimwomba Mudiri autoe ufuo ule.

"Binti, huo ndio jalada! Wakubwa wa Maskati nitawaambia nini?"

"Waambie fomu niliikosea mimi. Niliandika hakuna watu kabla sijamuuliza mwanamke hata mmoja."

"Utaandika hayo kwa mkono wako, na jina lako chini?"

"Nitaandika."

Aliisoma barua yangu mara mbili. Kisha akatia saini yake karibu na yangu, jambo ambalo sikumwomba, akawapigia simu madereva mmoja mmoja. "Sasa nitafutie jalada jingine," akasema, "na safari hii nenda jioni." Mwaka ule sikupandishwa cheo, wala yeye. Hata siku moja hakunikumbusha.

Jumatatu iliyofuata, baada ya alasiri, tulimpeleka Raya ufukoni, na Bi Zuwena akanipa ncha ya kanga. "Shika hapa, bint Ibra, na uso uelekeze barabarani. Bahari umeshaikagua." Nikasimama nimeipa bahari mgongo, barabara tupu mbele yangu, nikasikia maji yakipigwa kwa mikono na Raya akilalamika kuwa ni ya baridi.

Baadaye nilihamishiwa Jalan Bani Bu Hassan, kisha Nizwa, ambako nilikagua mifereji na ngome, na kila mahali nilianza kwa kubisha hodi kwa wanawake. Alhamdulillahi, nimestaafu salama, na shukrani zangu kwa Mudiri hazina kipimo.

Siku ya kuagwa, kijana mmoja wa ofisini aliniomba nimwonyeshe ufuo ule ulipo.

"Una mke?" nikamuuliza.

"Ninaye."

"Basi mtume yeye akawaulize wanawake wenyewe. Wewe ubaki garini."