Mama Alikwenda Rufiji, Chai Haijachemka

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana ndugu zangu wote wameshacheka na mimi nimechoka kubishana. Haya yalinitokea nyumbani kwetu Malindi, hapa mjini Unguja, masika ya mwaka jana, taa zinawaka na akili zangu timamu.

Mama yangu alizaliwa bara, kando ya Mto Rufiji, akaletwa Unguja akiwa mtoto. Miaka yote hakuwa na haja na mto huo. Daktari alipomwambia kwamba presha ya macho itampofusha, pengine kabla ya mwaka kwisha, ndipo akataka jambo moja tu: auone tena mto na msitu wake. Siku hizi sehemu ile ni mbuga ya taifa. Basi nikajitwika kupanga safari.

Wewe umewahi kupanga safari na ndugu zako? Dereva wa Dar es Salaam alinieleza kwamba masika mto hufurika mpaka msituni na udongo mweusi humeza magari, kwa hiyo tungoje kipupwe. Sawa. Nikatafuta kambi, nikauliza boti za asubuhi, nikaandika nani atalala na nani. Akabaki kaka yangu Hamadi, anayekaa Jang'ombe. Bila yeye mama hasafiri, maana kwenye ngazi za boti lazima abebwe. Hamadi, siku gani unaweza? "Inshallah, dada." Siku gani? "Inshallah." Wiki tatu! Mola anisamehe, lakini kaka yangu hujificha nyuma ya neno hilo zuri kila asipotaka kusema hapana.

Jioni moja, adhana ya magharibi imetoka tu, nikamkatia simu kwa hasira nikapiga kelele, "Mama atakwenda! Na yeyote atakayekuja kumchukua, awe mtu, awe jini!"

"Astaghfirullah!" mama akaniita kutoka chumbani. "Sema inshallah, mwanangu."

"Nshachoka na inshallah!"

Hapo hapo nikasikia hodi. Mama alinifunza tangu mdogo kwamba hodi ya magharibi huikaribishi mpaka umeuliza ni nani. Nilijua vizuri. Lakini nimefura, nikajibu karibu, ingia, mlango uko wazi.

Akaingia mwanamke wa makamo, buibui limelowa mpaka magotini, miguu mitupu. Salamu hakutoa. Na siku hiyo, niamini, haikunyesha hata tone. Unadhani nilishtuka? Nilichukia anavyonichafulia mkeka!

"Nnasikia kuna mtu anakwenda mtoni," akasema. "Yuko tayari?"

Nikadhani ametumwa na yule dereva. "Safari ya kipupwe, bibi. Haya, ingia ukamwamkie mama, nikutilie chai."

Akaingia chumbani, mimi jikoni. Nikatia maji kwenye birika, nikawasha gesi, nikasimama palepale nikinung'unika. Nyumba yetu ina mlango mmoja, na kutoka jikoni nauona. Hakupita mtu. Nikamsikia mama anacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu baba afe, halafu kimya. Maji hayajachemka, nikaenda kutazama.

Mgeni hayupo. Mama amekaa kitandani, kanga imelowa mpaka magotini, tope jeusi limejaa baina ya vidole vya miguu. Mji Mkongwe huu wa mawe na chokaa, tope jeusi litoke wapi? Nikamshika. Baridi tupu, anatetemeka, na uso umejaa furaha.

"Nshauona," akaniambia. "Maji yamejaa msituni, miti imesimama ndani yake, viboko wanapita baina ya miti. Tumetembea mchana kutwa."

Mchana kutwa! Na birika langu lilikuwa halijatoa hata mvuke.

Wiki ile ile macho yake yakapofuka, yote mawili. Daktari anasema ni maradhi tu, yalikuwa yanakuja. Pengine. Mimi nashuku kuwa yule mwanamke hakumwonesha mto bure.

Kipupwe kikaingia, na nani akapiga simu? Hamadi! Yuko tayari, ameshaomba ruhusa kazini, tunaondoka lini? Mama akakataa katakata. Keshakwenda, na haendi mara mbili.

Basi wewe unayepanga safari, zuia hasira zako. Usitoe ahadi kwa usiyemjua, na hodi ya magharibi uliza kwanza ni nani. Mimi nilitaka niwe nimemshika mama mkono siku atakapouona mto wake. Nilihangaika kwa ajili hiyo tu. Sasa kila akija mgeni mama humsimulia wale viboko, kisha hugeukia upande anaodhani nimekaa.

"Tulikungoja pale mtoni," huniambia. "Kwa nini hukuja?"