Scolastika na Matimba Yanayosema

Mtu akikwambia Scolastika Bujiku ni mpole, jua hajawahi kumpelekea simu iliyoharibiwa na fundi mwingine. Namfahamu tangu alipofika Nyarugusu kutoka Ushirombo, akafungua kibanda cha kutengeneza simu na redio, akaolewa na Magesa, mchimbaji wa duara, yaani shimo la dhahabu, ninalolisimamia. Ndoa haikumtuliza. Magesa akiwa chini, mama huyu alikuwa anaunganisha nyaya hovyo mpaka mumewe apande.

"Baba Asteria," aliniambia siku moja, "ninyi mnausikiliza mti kwa masikio. Mti huanza kulalamika kabla masikio hayajasikia kitu."

Miti aliyoisema ni matimba, yaani nguzo tunazozikita chini kuzuia kifusi kisitufukie. Basi akatengeneza vifaa vidogo vya kuenea kiganjani, akavifunga kwenye matimba. Nguzo ikianza kupinda, kifaa chake hutuma neno kwa mawimbi ya redio, vifaa vingine vikalipokezana hadi kwenye kipokezi kilichokuwa juu ya meza aliyoiweka mdomoni mwa duara, na king'ora kikalia. Kila jioni, kila kifaa hutuma pia neno la kusema kiko salama. Mara ya kwanza kilipolia tulipanda mbio, na tuliposhuka kwa tahadhari tukaikuta nguzo imepasuka kweli. Siku hiyo nilimheshimu.

Lakini penye riziki hapakosi fitina. Duara letu limetobozana na duara la jirani, njia zao na zetu zimekutana huko chini. King'ora kikalia, tukapanda. Tukashuka, matimba yote yako wima ila mifuko ya mawe yenye dhahabu haipo! Baada ya muda, tena. Jamaa wa duara hilo waligundua kwamba lile neno linasafiri wazi hewani, na mwenye redio inayofaa anaweza kulituma yeye mwenyewe.

Wachimbaji wakakaa kikao. Nasibu, msemaji wao, hakuzunguka: "Kikilia tena hatupandi. Njaa itatuua kabla ya kifusi."

Magesa naye alitikisa kichwa kukubali. Nikamwona mkewe anavyomtazama. King'ora kisichoaminiwa ni afadhali kisiwepo, na mume wake sasa alikuwa miongoni mwa watakaobaki chini siku nguzo ikivunjika kweli. Nilimwambia aving'oe vifaa vyake tuendelee na masikio yetu. Akanijibu kuwa nitang'oka mimi kwanza.

Akaanza kazi. Alisoma kwenye simu yake jinsi benki wanavyoyafumba maneno ili mwizi asiyaelewe, akataka kufanya vilevile. Kifaa kikagoma. Kumbukumbu yake ni finyu, betri yake ndogo, na fumbo la benki liliinyonya mpaka ikazima. Akahangaika hadi akapata fumbo jepesi, akatamba kijiji kizima. King'ora kikalia, tukapanda kumridhisha, mifuko ikaondoka tena.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka. Alinuna mpaka jioni, halafu akapiga meza.

"Hawajalifumbua! Wanalinasa likipita, halafu wanalirudia. Kasuku anahitaji kujua maana? Na mimi nahangaika kuficha kitu kisicho siri! Nguzo ikipinda, ajue na jirani, kuna ubaya gani? Ng'ombe hatumfichi, tunamtia chapa."

Tangu hapo maneno yakaachwa wazi, ila kila moja likabeba chapa inayotokana na siri wanayoijua kifaa na kipokezi peke yao. Ndani ya chapa hiyo mna namba, na namba hupanda kila neno linapotumwa. Iliyokwisha kupita haipokelewi tena. Chapa ni nyepesi kuliko fumbo, kwa hiyo betri ikapumua. Hata kitufe cha kukiliza king'ora kwa mkono alikiondoa, asije mtu akakichezea. Wezi walipojaribu tena, kipokezi kiliwasha taa nyekundu tu, king'ora kimya. Nasibu akainua mikono: "Haya, mama. Sasa kikilia tutapanda."

Tulikaa kwa raha. Mchana mmoja taa nyekundu ikawaka.

"Hao wamerudi," nilisema, nikaendelea na muhogo wangu.

Ikawaka tena, na tena. Scolastika akainama kusoma kioo cha kipokezi, akasimama ghafla.

"Chapa ni yetu, Baba Asteria. Kilichokataliwa ni namba. Imeanzia moja."

"Si ya zamani hiyo? Wameinasa."

"Yaya, hapana! Neno la zamani la namba moja lilisema 'niko salama', hili ni kilio. Kilio chenye namba moja hakijawahi kutumwa, wangekinasa wapi? Kifaa kimeanza kuhesabu upya. Kinalia, na mimi nimekiziba mdomo!"

Kitufe hakipo. Alikimbilia mdomo wa duara, akapiga mwano. Kwetu Usukumani mwano ni yowe la hatari, na haupigwi kwa mzaha. Anayeusikia huacha hata tonge mdomoni, na anayeupiga bure atajieleza mbele ya walinzi wa sungusungu.

Sauti ya Nasibu ikapanda kutoka chini: "Mbona king'ora kimya?"

Huyu ni mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akikiri kosa la waya mmoja. Akapaza sauti watu wote wasikie: "Nimekosea mimi! Pandeni!"

Wakapanda, mmoja nyuma ya mwingine, wa mwisho Magesa. Hata uso hajafuta, tukasikia mti ukilia chini, kisha kishindo, kisha vumbi likajaa mdomoni mwa duara.

Magesa alikuwa bado anatabasamu, hajaelewa. Alitoa betri kuukuu mfukoni.

"Niliona kifaa cha chini kimechoka, mke wangu. Nikakibadilishia betri asubuhi, nikupunguzie kazi."

Betri ilipotoka, kifaa kilisahau hesabu yake yote kikaanza na moja. Scolastika alimkamata shati kwa mikono miwili akalia mbele yetu sote, yeye ambaye hata msibani hujikaza.

"Nimekufungia mlango kama mwizi," alisema. "Wewe, Magesa! Unabisha hodi, nami nimekufungia."

Kisha akamvuta hadi kwenye meza, akasogeza kiti kwa mguu, akachukua bisibisi na kifaa cha akiba.

"Keti hapa. Hushuki mpaka hiki kijue kukumbuka."

Magesa akaketi.