Lori Lililooshwa kwa Wema

Juzi nilikuwa kaunta ya vifurushi Migori. Mbele yangu fundi alileta lori la bati, kubwa kama mbuzi, mfano wa lori la marehemu babake. Hata milango yake ilikuwa ikifunguka. Alikuwa amelipaka vumbi la Osiri, kule lori la babake lilikokuwa likipita, kwa brashi, doa kwa doa, ili mamake huko Homa Bay alitambue. Akatoka kupiga simu. Mama karani wa kaunta akachukua kitambaa chenye maji, akalifuta lori lote hadi fundi aliporudi.

"Nimekuoshea, baba. Bure!"

Fundi akashika kichwa. "Mama, hilo vumbi ndilo kazi yenyewe!"

Mama akakimbia nje, akarudi na udongo mkononi. "Vumbi tu? Si hili hapa?"

Fundi akabeba lori lake, akarudi nyumbani.

Miaka yote nalalamikia makarani wavivu. Siku hiyo, yawa, nilitamani tungempata mmoja.