Usiku Mmoja Kutoka London

Ametutoka yule mama wa Lipingo aliyetuletea usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, sokoni Mbinga kila msimu wa kahawa. Habari nilipewa na mchuuzi mwenzake, na hadi leo, ingawa tumeshamzika, moyo wangu haujatulia. Alipenda kunitania. Nikipita bila kununua, ananiita, "Wewe wa magazeti, karatasi haishushi ugali!"

Mwanawe wa pekee alikuwa London. Alipoondoka alimwambia mama asihofu, kutoka Dar es Salaam ni usiku mmoja tu, ukilala ukiamka umefika. Lakini kwao mvuvi akiwa ziwani moto wa jikoni hauzimwi mpaka mtumbwi uguse mchanga, basi mama naye akamwashia mwanawe moto. Ndege ilitua kesho yake. Barua ya kusema imetua ilichukua wiki kadhaa. Katikati ya wiki hizo nilifika Lipingo kikazi nikamkuta anachochea kuni, macho mekundu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Hivi ndege hukaa angani siku ngapi?" Nikamwambia imeshatua zamani. "Umeiona?"

Siku hizi za soko huria tunaambiwa dunia imekuwa ndogo. Wanunuzi binafsi wanapishana kwa magari, kahawa ya Litembo inanywewa Ulaya, haya, sawa. Lakini bei ikianguka huko, mkulima wa Litembo anaambiwa lini? Mimi naiogopa hesabu hii ya umbali. Anayeipiga ni yule aliyeko angani, na anayesubiri chini haulizwi.

Mama alipofariki, kijana alipiga simu misheni: "Msimzike. Ni usiku mmoja tu, nakuja." Wachimba kaburi wakaambiwa wangoje. Ilikuwa masika, nasi sote tulijua barabara ilivyo, ila nani angethubutu kumnyima mtoto wa pekee uso wa mama yake? Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Baba yake mdogo alisimama njiani kutwa, akisikia mngurumo wowote anasema, "Huyo!" Ni radi. Siku ya tatu wazee wakasema marehemu hawezi kungoja zaidi. Tukamzika, na baba mdogo yule akilia kwa sauti.

Kijana alifika kesho yake jioni, matope hadi magotini. Basi lilikuwa limekwama nje ya Songea, na mteremko wa kushuka ziwani aliumaliza kwa miguu. Akaanguka juu ya kaburi, akalia tukashindwa kumtazama. Baba yake mdogo ndiye aliyemwinua, akamfuta uso kwa kiganja. Tangu aondoke, kijana hakuwa amerudi hata mara moja.

"Mwanangu," akamuuliza kwa upole, "huko uliko ni mbali sana?"

"Si mbali, baba mdogo. Kwa ndege ni mwendo wa saa kumi tu."

"Saa kumi?" Mzee akastaajabu kweli, bila kejeli. "Kumbe miaka yote hii ulikuwa karibu."

Sote tukainama. Mama yangu mimi yuko Namswea, humuhumu wilayani Mbinga, na kwenda huko hakuhitaji ndege.