Feni au Blanketi

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la vitu vya ndani Kariakoo, mtoto mgongoni, nikisubiri kuhudumiwa. Mbele yangu walisimama mume na mke, vijana, mke akiwa na mimba kubwa. Mume ameshika feni, mke amekumbatia blanketi zito.

"Kazi iko hapa Dar," mume alisema. "Njombe tutakula nini?"

"Njombe yupo mama. Hapa nikijifungua atanikanda nani?"

"Nitakukanda mimi."

Mwenye duka, mama wa makamo, akaangua kicheko. "Wewe baba! Maji ya moto yale, utamkanda mwenzio au utamchemsha?"

Tulicheka wote. Mume naye alicheka, kisha akaitazama mikono yake, akairudisha feni mezani. "Haya mama, tufungie blanketi. Atangulie kwao, mimi nitafuata."

Nilitaka kuwaambia kwamba mimi nilikuja kutoka Masasi bila mama wala dada, nikajifungulia Buguruni. Jirani wa chumba cha pili, ambaye tulikuwa tunasalimiana tu, alikuja na ndoo ya maji ya moto kila asubuhi mpaka arobaini ikaisha. Ndiye aliyenifanya nisirudi kwetu. Lakini aibu ikanizuia, na tena jirani wa namna hiyo ningewaahidi vipi watu nisiowajua?

Nilinunua mashuka pea mbili, moja nikampelekea yule jirani yangu. Aliipokea kwa mikono miwili, akanitazama tumboni.

"Mwanangu, nianze kuchemsha maji?"