Kanga Moja, Programu Tatu

Binti wa shangazi yangu alipoposwa na watu wa Utange, mama wa bwana harusi aliingia kwetu Likoni na kuanza kutawala. Akachagua mpishi. Akachagua rangi ya ukumbi. Akasema hata viatu atakavyovaa bibi harusi. Kwetu mstaarabu hagombani na wakwe, huwavalia kanga.

Shangazi akaja kwangu na karatasi. Alikuwa amechora kwa penseli korosho za pindo na maua ya mji, ule uwanja wa katikati, na chini yake kaandika jina la kanga: *Umeingia kwa hodi, usijitie mwenye nyumba.*

"Wewe una kompyuta," akaniambia. "Itie humo, wakachape."

"Inshallah, shangazi," nikasema, kama mtu ajuaye afanyalo.

Niliipiga karatasi picha kwa simu, nikaipeleka kwa fundi anayechapa vitambaa Changamwe. Akaikuza kwenye kioo chake. Korosho zikaota meno kama msumeno.

"Hii ni picha, dada," akasema. "Picha ukiikuza yavunjika. Niletee mchoro uliochorwa kwa programu ya mistari. Huo hata uukuze ukawa mkubwa kama nyumba, kingo zake zabaki safi."

Nikaanza kutafuta. Programu ya kwanza ilisifiwa na mabingwa wote wa intaneti, lakini haiuzwi. Hukodishwa kwa mwezi, kama chumba, na kodi yake ingemtosha shangazi kuwavalisha wanawake wa mtaa mzima. Ya pili niliipata Magongo, kwa kijana muuza simu aliyeapa kwamba ni ile ile ya ghali, ila yeye kaivunja kufuli. Nikaiweka. Kabla sijachora mstari, kompyuta ikaanza kufungua matangazo ya kamari, moja juu ya jingine, na shangazi yuko ubavuni mwangu, ametoka kuswali alasiri.

"Haya ndiyo uliyosomea, mwanangu?"

Nilipokwisha kuisafisha kompyuta, na kupoteza nusu ya mafaili yangu, nikapata ya tatu. Nyepesi, vitufe vichache, na ya bure kabisa. Nikamweleza shangazi kwamba imetengenezwa na watu wa kujitolea.

"Wanataka nini?"

"Hawataki kitu."

"Wallahi, basi hao si wazima."

Si wazima, lakini programu yao ilikubali kompyuta yangu kuukuu bila kulalamika. Niliilaza picha ya karatasi chini, nikawa napita juu yake: natia nukta hapa, natia nukta pale, kisha nauvuta mstari mpaka upinde. Korosho yangu ya kwanza shangazi aliitazama kwa makini.

"Hiyo ni mbatata."

Niliifuta, nikarudia, mpaka nikapata moja yenye shingo ya kweli. Kisha nikainakili, na ile moja ikazunguka pindo lote kwa muda wa kumimina chai. Nilijiona bingwa. Shangazi naye akaingiwa na tamaa: ua hili lisogee, rangi ile ikolee, herufi za jina zinenepe, maana yule mama macho yake si mazuri na asije akakosa kusoma.

Fundi alichapa. Siku ya kupamba bibi harusi, shangazi na ndugu zake waliingia wamejifunga kanga mpya, wakapita mbele ya mama wa bwana harusi polepole, wakageuka ili jina lionekane vyema. Yule mama akasoma. Akasoma tena. Mimi nilishika kiti.

Akapiga kigelegele.

"Hii yamfaa wifi yangu!" akasema. "Tangu aje kukaa kwangu, hata jikoni hunipangia. Nipeni na mimi!"

Ikabidi shangazi ajifungue kanga yake ya juu ampe, na yule mama akacheza nayo mpaka jasho likamtoka.

Wiki iliyofuata alikuja kwangu, kaandamana na shangazi mwenyewe. Alitaka kanga nyingine, jina liwe kali zaidi, kwa ajili ya wifi huyo huyo. Wakakaa pande zangu mbili mbele ya kompyuta, wakapika maneno pamoja. Shangazi ndiye aliyekuwa na makali zaidi.

"Andika upya, mwanangu," akaniambia. "Kwani si bure?"