Kistari cha Heshima

Saa tatu kasorobo asubuhi. Chai imepoa, feni inalia, na Mama Asilimia anaitazama kompyuta kama mtu aliyetukanwa. Saa sita kamili daftari la alama la mtandaoni linafungwa. Atakayeongoza kwa alama katika kozi ya kutunza kumbukumbu za hospitali atapata nafasi pekee ya mafunzo kazini.

Anayeongoza, kwa asilimia 86, ni mdogo wake wa tumbo moja.

"Huyu namjua," anaiambia kompyuta. "Hata vyombo hajawahi kuvimaliza kuosha."

Jina la Mama Asilimia alibandikwa na walimu wa chuo hiki, ambako amekuwa karani wa alama kwa miaka kumi na moja. Kila muhula anawaeleza yale yale: majaribio yana uzito wa asilimia 20, kazi za nyumbani 30, mtihani 50. Kila muhula wanaitikia kwa vichwa, kisha wanafanya yao.

Anafungua mstari wa mdogo wake. Majaribio, 90. Mtihani, 84. Kazi za nyumbani, kistari.

Anavuta karatasi. Tisini ya majaribio inaleta 18, themanini na nne ya mtihani inaleta 42. Jumla 60.

"Ukiweka sifuri, mfumo unajua hakufanya," anaieleza kompyuta, kalamu ikigonga meza. "Ukiweka kistari, unadhani kazi bado hazijasahihishwa, unaziweka kando. Ile 60 unaigawa kwa 70 badala ya 100. Ndiyo hiyo 86. Mtu kakwepa kazi muhula mzima, kazawadiwa."

Wa pili ni mfuaji nguo wa hospitali, mama wa watoto wawili, aliyeandika kazi zote sita kwenye simu huku mashine zikizunguka. Ana 81, na kila alama kaitolea jasho.

Mama Asilimia anampigia mwalimu wa kozi.

"Mwalimu, hiki kistari ni cha nini?"

"Ah, dada yangu, si ni mdogo wako? Nikaona nikiweka sifuri nitakuvunjia heshima."

"Kwa hiyo ukaamua kunivunjia kwa kistari."

"Basi weka wewe hiyo sifuri."

"Siweki. Alama ni zako. Weka, nakusubiri hapa hapa kwenye simu."

Inachukua dakika nne. Themanini na sita inaporomoka hadi 60, na mfuaji nguo anapanda juu. Mama Asilimia hafurahi. Inamuuma, kwa sababu jana mama yao alishawatangazia majirani wote.

Haipiti nusu saa, simu inaita. Ni mdogo wake.

"Dada, mfumo wenu umeharibika."

"Haujaharibika. Umetengenezwa."

"Sasa mama nitamwambia nini?"

"Mwambie kazi zilikuwa sita."

Akikata simu anafuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha anavuta droo. Ndani kuna barua anayomwandikia mkuu wa chuo kwa mara ya tatu, akiomba kila kistari kigeuzwe sifuri siku ya kufunga alama. Mbili za kwanza zilirudishwa zikiwa zimeandikwa kwa wino mwekundu: hakuna mfano wa mwanafunzi hata mmoja.

"Muhula ujao nataka jambo hili liishe," anajisemea.

Anaandika 86, anaandika 60. Penye jina la mwanafunzi anasita kidogo, kisha analiandika lote, pamoja na jina la baba yao.